Programu za kuandika nota za piano: nimezipima kwa namna zinavyopokea ripoti za hitilafu

Tathmini nyingi za programu za kuandika nota husifia sauti za vinanda vilivyorekodiwa, sura nzuri ya dirisha na wepesi wa kuingiza nota kwa kibodi. Sina ugomvi na hayo. Ila mimi siku hizi natazama jambo jingine kwanza: ukiwaambia wenye programu kwamba chombo chao kimekosea, wanafanya nini?

Naandikia piano. Masindikizo ya kwaya, mazoezi ya wanafunzi, nyimbo za zamani zisizo na hakimiliki ninazozipanga upya kwa mikono midogo. Na piano ndiyo inayozianika programu hizi. Sehemu ya filimbi ina stafu moja, yaani ile mistari mitano inayobeba nota, na nota moja kwa wakati, hata programu ya ovyo itaichora vizuri. Piano ina stafu mbili zilizofungwa pamoja, mikono inayoingiliana, sauti mbili au tatu ndani ya mkono mmoja, pedali huku chini, namba za vidole huku juu, na upinde unaoanzia stafu ya chini ukamalizikia ya juu. Kila alama inagombea nafasi na mwenzake. Hitilafu zikiwapo, humo ndimo zinamojificha.

Programu nitakayoizungumzia zaidi sitaitaja jina. Ni ya kulipia kwa mwaka, ina wateja wengi, na kwa mambo mengi ni nzuri. Nimeitumia kwa furaha na karatasi zake ukizichapisha zinapendeza macho. Shida yangu nayo ilianza kwenye kipimo kimoja tu, yaani kipande kifupi cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima.

Wimbo ulikuwa kwenye G maina, yaani flati mbili (alama za kushusha nota nusu hatua) mwanzoni mwa stafu na F ikiwa ya kawaida. Kwenye pigo la kwanza mkono wa kushoto unagusa F shapu, yaani F iliyopandishwa nusu hatua, na nota hiyo nimeiandika kwenye stafu ya chini, juu ya ile mistari miwili midogo ya nyongeza. Alama ya shapu ipo, safi kabisa. Kwenye pigo la tatu mkono uleule unapanda kutoka D, unapita A, unafika kwenye F shapu ileile. Safari hii nikaona ingesomeka vizuri zaidi kama nota hiyo ingevuka ikakaa kwenye stafu ya juu, nafasi ya kwanza kutoka chini, huku mstari mnene wa kufunga mikia ukibaki umeiunganisha na wenzake wa chini. Jambo la kawaida sana kwenye piano. Programu ina njia ya mkato ya kibodi kwa kazi hiyo, ukibonyeza nota inaruka.

Ikaruka. Shapu haikuruka nayo.

Ukiipigisha programu wimbo, unasikia F shapu. Kila kitu sawasawa, sikio halishtuki. Nikachapisha, nikampa mwanafunzi. Alipofika pale akapiga F ya kawaida, ikasikika kama kitu kimepasuka. Nikamsimamisha, nikainama kwenye karatasi, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi: kwenye stafu ya juu, ndani ya kipimo kile, hapakuwa na shapu yoyote kabla ya nota hiyo. Alisoma kilichoandikwa.

Ukilijua chanzo, linaeleweka. Kanuni ya shapu na flati za katikati ya wimbo ni kwamba alama ikishaandikwa inatumika hadi mwisho wa kipimo, lakini kwenye stafu ileile na mahali palepale. Programu ilikuwa imeandika shapu kwenye stafu ya chini pigo la kwanza, kwa hiyo ilipofika pigo la tatu ikajiambia alama imeshaonyeshwa. Ilisahau kwamba nota imehama nyumba. Ilihesabu kwa stafu ambayo nota imezaliwa, badala ya stafu ambayo msomaji anaiona.

Nisingeweza kuyasema hayo kwa uhakika kwa kutazama skrini tu. Nililitoa faili kwa mfumo wa MusicXML, nikalifungua kama maandishi ya kawaida. Asiyewahi kufanya hivyo ajaribu. MusicXML ni lugha ya kubebea nota kutoka programu moja hadi nyingine; ilianzishwa na Michael Good, toleo la kwanza likatoka 2004, na la 4.0 likatoka 2021 likiwa chini ya W3C, chombo kilekile kinachosimamia viwango vya tovuti. Uzuri wake ni kwamba inatenganisha nota inavyolia na nota inavyoonekana. Kuna kipengele kinachoitwa alter, hicho kinasema nota imepandishwa au kushushwa. Kuna kingine kinachoitwa accidental, hicho kinasema alama gani ichorwe mbele yake. Na kuna staff, kinachosema nota ikae stafu ya ngapi.

Kwa nota yangu, alter ilikuwa 1: imepanda nusu hatua, sawa. Staff ilikuwa 1: iko stafu ya juu, sawa. Accidental haikuwepo kabisa. Kwa hiyo hapakuwa na suala la printa yangu, wala fonti, wala ukubwa wa skrini. Programu yenyewe ilikuwa imeamua kwamba alama haihitajiki. Ushahidi ulikuwa kwenye mistari michache ambayo mtu yeyote anayeshughulika na programu hiyo angeisoma kwa muda wa kunywa maji.

Sasa tuje kwenye huduma.

Ukurasa wa msaada una fomu. Fomu inataka uchague aina ya tatizo, na machaguo ni malipo, usakinishaji, akaunti, na mengineyo. Nota zimewekwa kwenye mengineyo. Nakuachia upime mwenyewe: kampuni inauza programu ya nota, na kosa la nota halina kisanduku chake. Sehemu ya maelezo ina kikomo cha herufi. Sehemu ya viambatisho inakubali picha tu. Faili la programu yenyewe, lile ambalo wao wenyewe wamelibuni, fomu yao inalikataa. Nikatuma picha mbili, moja ya kipimo kama kilivyochorwa na nyingine kama kinavyotakiwa kuwa, nikaeleza hatua za kulirudia kosa: fungua wimbo mpya wa piano, weka flati mbili, andika F shapu stafu ya chini, andika tena pigo la tatu, ivushe juu.

Jibu la kwanza lilikuwa la mashine: futa programu, iweke upya, washa kompyuta tena. Nilifanya, maana usipofanya watakuuliza. Kosa likabaki palepale, kama nilivyotarajia. Jibu la pili liliandikwa na binadamu mpole sana, aliyeniambia amesikiliza na wimbo unapigwa sawasawa, hivyo haoni tatizo. Nikamwandikia kwamba wanafunzi wangu hawana spika kichwani, wanasoma karatasi. Jibu la tatu lilinishukuru kwa pendekezo langu na kunihakikishia kuwa limefikishwa kwa timu.

Hapo ndipo niliposhika kichwa. Pendekezo! Anayetaka rangi mpya ya dirisha ndiye mwenye pendekezo. Anayesema nota imechapishwa tofauti na inavyolia analeta taarifa ya kosa, na tofauti hiyo ina matokeo yake: mapendekezo yana foleni yake, ndefu, na hakuna anayedaiwa kuyajibu. Baada ya muda tiketi, yaani kumbukumbu ya ombi langu la msaada, ikajifunga yenyewe kwa kukosa shughuli. Toleo jipya lilipotoka, orodha ya mabadiliko ilisema kuna "maboresho mbalimbali na marekebisho ya hitilafu". Zipi? Haikusema. Nikafungua kipimo changu, shapu bado haipo.

Ninachowalaumu si hilo kosa. Kuvusha nota kati ya stafu ni kazi ngumu kwa programu yoyote, na nisingetarajia isikosee kamwe. Ninachowalaumu ni giza. Sikuweza kujua kama kuna mtu mwingine ameliona kosa hilo, kama kuna aliyelirudia kwenye kompyuta yake, kama limepewa umuhimu wowote, kama litashughulikiwa toleo lijalo au halitashughulikiwa milele. Ningeambiwa "tumeliona, halitashughulikiwa mwaka huu", ningelipa tena bila kinyongo na kuendelea kuweka shapu kwa mkono. Maana njia ya kuzunguka ipo: unaichagua nota, unalazimisha alama ionekane. Lakini unazungukaje kitu usichojua kipo? Ukurasa mmoja wa makosa yanayojulikana ungeniokolea aibu mbele ya mwanafunzi.

Nikaanza kutazama wengine wanafanyaje, na hapa naweza kutaja majina kwa kuwa nasifia.

MuseScore ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Ripoti za hitilafu zinawekwa GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka msimbo wa programu, hadharani, na yeyote anaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa. Ukifungua ripoti mpya unakuta fomu, na fomu ile imeandikwa na watu wanaojua wanachokitafuta: hatua za kulirudia kosa, faili na picha, toleo la mwisho ambalo umeliona kosa, mfumo wa kompyuta yako, na swali moja ninalolipenda kuliko yote, je, hili lilikuwa likifanya kazi kwenye toleo lililopita? Swali hilo linaokoa kazi kubwa. Kama jana kilikuwa kizima na leo kimevunjika, watengenezaji wanajua watafute ndani ya mabadiliko ya katikati ya siku hizo mbili. Toleo la 4 lilipotoka Desemba 2022, likiwa na sura mpya na injini mpya ya sauti, swali la aina hii lilikuwa na kazi nyingi sana.

Ripoti ikishapokelewa inabandikwa lebo za umuhimu, P0 hadi P3. P0 ndiyo ya dharura. Ukiona yako imepewa P3 unajua usikae roho juu, na unajua pia kwamba kuna mtu ameisoma. Mara nyingine mtumiaji wa upande mwingine wa dunia anaandika chini yake kwamba naye kalipata kosa hilohilo kwenye mfumo tofauti, na maneno hayo mawili matatu yana thamani kuliko kurasa za malalamiko. Kisha kuna matoleo ya majaribio yanayotengenezwa kila siku. Ukiambiwa kosa limerekebishwa, huna haja ya kungoja: unapakua la majaribio, unafungua kipimo chako, unathibitisha au unakanusha.

Kuna kero ndogo ya kujua mapema. GitHub haipokei faili la mscz, yaani faili la wimbo la MuseScore, moja kwa moja, lazima ulifungie ndani ya zip. Kichekesho ni kwamba mscz yenyewe tayari ni zip, ndani yake kuna mscx ambayo ni maandishi ya XML. Unafunga bahasha ndani ya bahasha. Na mtu asidhani uwazi ni dawa ya kila kitu. Kwenye daftari lile utakuta ripoti za miaka iliyopita ambazo bado ziko wazi. Lakini unaziona. Unajua una majirani.

LilyPond iko mbali zaidi kwa tabia. Ilianzishwa 1996 na Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, na haina dirisha la kubofya nota: unaandika maandishi, inakuchorea ukurasa. Wengi wanaikimbia kwa sababu hiyo, na siwashangai. Ila kwa kuripoti hitilafu sijaona kitu kinachoishinda, kwa sababu wimbo wote ni maandishi, kwa hiyo ripoti ni maandishi. Hakuna kiambatisho, hakuna video ya skrini. Unabandika mistari minne mitano na msomaji anaiendesha kwake. Wao wenyewe wanasisitiza mfano mdogo kabisa, kiasi kwamba tovuti yao ina ukurasa mzima wa kueleza kwa nini mfano uwe mdogo na namna ya kuupunguza. Kuvusha nota kwenda stafu nyingine unaandika amri ya \change Staff na jina la stafu, basi. Kosa likiwa hapo linaonekana uchi.

Tangu nisome ukurasa ule nimebadili namna ninavyoandaa ripoti, hata kwa programu nyingine. Natengeneza nakala ya faili, nafuta kila kitu isipokuwa kipimo chenye kosa. Natoa maneno, namba za vidole, pedali, pinde. Baada ya kila ninachokitoa natazama kama kosa bado lipo. Likitoweka, nimempata mshukiwa: kirudishe hicho cha mwisho uone kama nalo linarudi. Likibaki hadi mwisho, naanza wimbo mpya mtupu na kukiandika kipimo hicho kwa mkono, kwa sababu kuna makosa yanayoishi ndani ya faili moja lililoharibika na si ndani ya programu. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo itakayokufanya usikilizwe.

Kuna sababu nyingine ya kukata hadi kipimo kimoja, hasa kwa wanaopanga nyimbo za watu wengine: ukituma faili zima kwenye daftari la wazi umeuchapisha wimbo mzima. Mtunzi hakukutuma. Nota nane ulizozibuni mwenyewe zinaonyesha kosa vilevile na hazina mwenyewe.

Nikirudi kwenye ile ya kulipia, haki yake niitoe. Programu ikijifunga ghafla, inakuletea dirisha la kutuma taarifa ya kuanguka, na kwa hilo wako makini: makosa ya kuangusha programu yamepungua sana toleo hadi toleo. Nadhani ndiyo maana ya mfumo wao. Wanaona kinachovunjika kwa kishindo, kwa sababu mashine inawaambia. Nota isiyo na shapu haipigi kelele yoyote kwenye kompyuta. Inapiga kelele kwenye piano ya mtu, na huko hawana sikio. Nimeona pia pedali inayobaki imekanyagwa baada ya marudio kuingia mwisho wa pili, na namba za vidole zinazohama ukibadili ukubwa wa karatasi. Zote zilikwenda kwenye mengineyo.

Wengine wananiambia nisijali, kampuni kubwa haifi. Waliokuwa na Finale nao waliambiwa hivyo. Programu ile ilitoka 1988, na Agosti 2024 MakeMusic, kampuni yenye programu hiyo, wakatangaza kwamba imefikia mwisho, haitaendelezwa tena, na wateja wakapewa punguzo la kuhamia Dorico, programu nyingine ya nota. Tangu siku ile hitilafu yoyote ya Finale ilibaki kama ilivyo, na kilichowavusha watu na kazi zao za miongo ni MusicXML ileile niliyoieleza hapo juu. Kwa hiyo ukipata programu yoyote, ya bure au ya kulipia, jaribu mapema kutoa faili la piano lenye nota zilizovuka stafu, kisha lifungue kwingine. Ukiona kosa kwenye utoaji huo, hilo ndilo la kuripoti kabla ya yote.

Alama zangu: kwa uchoraji wa ukurasa, nyota 4 kati ya 5. Kwa urahisi wa kuingiza nota, 4. Kwa huduma ya kupokea ripoti za hitilafu, 1, na hiyo moja ni ya yule binadamu mpole aliyesikiliza wimbo hadi mwisho. Usajili wangu ukiisha sitaulipia tena. Nyimbo zenye stafu mbili za kawaida nimeshazihamisha zote. Zile ambazo mikono inavukana nazihamisha moja moja, nikisoma kila kipimo kwa macho huku sauti ya kompyuta nimeizima.